Mashine Yangu Imehamia Barazani

Duka la Vitambaa la Kamran,
Nyuma ya Soko,
Singida.

Kaka yangu Asif,

Asalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Baada ya salamu hiyo pokea na shikamoo yangu, maana najua usipoipata utaitafuta barua nzima. Sisi huku hatujambo. Baba anakula vizuri na kulala vizuri, magoti yanamsumbua asubuhi tu kabla jua halijapanda, na upepo wa Singida ni uleule unaoujua, unatuletea vumbi mpaka ndani ya sukari. Natumaini wewe, wifi Gulbanu na watoto hamjambo, na kwamba lile jino la wifi limeshang'olewa, kwa sababu mara ya mwisho alikuwa anaongea kama mtu mwenye tende mdomoni.

Utashangaa kupata barua wakati simu tunazo. Nimeandika kwa makusudi. Kwenye simu huwa hunisikilizi mpaka mwisho. Nikifika katikati unaniambia kwamba umeshanielewa, na hapo ndipo ninapojua kwamba hujanielewa hata kidogo. Barua huwezi kuikatiza. Nimeandika kwa Kiswahili kwa sababu Kikachi chetu ni cha kuongea, sijaona mtu akikiandika, na pia nataka binti yako Zahra aisome, maana habari zenyewe zimeanzia kwake. Kwa hiyo nakuomba ukae, uombe chai, na usome mpaka chini kabisa kabla hujashika simu kunigombeza.

Unakumbuka ile mashine ya kukatia aliyoinunua Zahra ili atengeneze kadi za marafiki zake shuleni, akaichoka kabla ya likizo kuisha? Uliifunga kwenye boksi ukaniletea kwa basi. Ukaniambia nijifurahishe nayo wakati tunasubiri kuhama. Mipango ilikuwa imeshapangwa: baada ya Idi duka lifungwe, majora yaliyobaki yauzwe kwa jumla, lori lije libebe vyombo, Baba na mimi tuhamie kwako Dar. Nilikwambia sawa, kaka. Nikalifungua boksi kwa hasira, nikidhani nimeletewa kitu cha kuchezea cha kunibembeleza.

Kwa kuwa wewe uliifunga bila kuitazama, nikueleze ilivyo. Ukubwa wake ni kama ile redio ya Baba ya zamani. Unachora kitu kwenye simu, au unakichukua kilichochorwa tayari, na mashine inakifuata. Ndani yake kuna kisu kidogo mno, ncha yake kama ya kalamu. Unabandika kitu chako kwenye mkeka wa plastiki wenye gundi, mashine inauvuta mkeka ndani, inaurudisha, inauvuta tena, huku inatoa sauti kama panya kwenye gunia la mahindi. Ikimaliza, unabandua, na umbo lako umelipata.

Nilianza na karatasi nikachoka siku ileile. Mimi ni mtoto wa vitambaa, karatasi za nini? Nikachukua kipande cha kitenge kilichobaki kwenye jora, nikakibandika kwenye mkeka. Kaka, mashine ilikitafuna. Kisu kilikivuta kitambaa kikakikunja, nyuzi zikatoka pande zote, na kilichobaki kilikuwa kama kitu alichokitema mbuzi. Nilijaribu kitambaa cha pamba, nikajaribu poplini, mambo yakawa yaleyale. Baba akapita, akatazama, akasema kwamba kama nimekosa kazi kuna rafu za kufuta vumbi.

Sikulala usingizi mzuri mpaka nilipokumbuka gamstafu, ile ya kubandika kwa pasi ambayo mafundi huiweka kwenye kola za mashati. Tunaiuza wenyewe, ipo pale chini ya kaunta tangu sijazaliwa! Nikaibandika nyuma ya kitambaa cha njano, nikapiga pasi mpaka kikakauka kama karatasi, nikakiingiza. Panya wakaanza kazi yao. Nilipobandua lilitoka ua la alizeti, petali zote kamili, kingo safi, hakuna uzi hata mmoja uliochomoza. Nilipiga kelele mpaka Baba akaja mbio na bakora akidhani nimeona nyoka. Akaligeuza lile ua mbele na nyuma, akalirudisha mezani, lakini nilimwona akipitisha kidole gumba kwenye ukingo wake kama anavyofanya anapokagua kitambaa kizuri.

Basi nikawaka moto. Nilikata alizeti, nikakata ndege, nikakata kuku wenye vifaranga, nikakata majina. Nikavipanga chini ya kioo cha kaunta. Akina mama wa mtaa wa Mandewa wakaanza kuja, huyu anataka maua ya kushonea kwenye mashuka, yule anataka majina ya watoto kwenye mito, mwingine anataka vitambaa vya makochi vyenye ndege ili amkomeshe jirani yake. Unalijua duka letu lilivyokuwa limepoa, mtu akiingia tunamshangaa. Sasa nilikuwa nasikia viatu vya watu kutwa nzima, na nakwambia wazi kwamba nilivimba kichwa.

Halafu asubuhi moja chupa ya chai ikarudi imejaa.

Zahra hajui, kwa hiyo nimweleze. Duka letu lina baraza, na kwenye baraza wanakaa mafundi. Fundi Rebeka amekaa pale na cherehani yake tangu marehemu mama yetu yuko hai, ni Mnyiramba wa kule Misigiri, na pembeni yake ni Bonifasi wa zipu na suruali. Kila asubuhi duka hupeleka chai barazani. Na kuna sheria aliyoiweka babu yetu, aliyelifungua duka hili: ndani tunapima, nje wanakata. Sisi tunapima yadi, tunachanja ukingo kwa mkasi, tunachana kwa mkono, tunakunja, tunampa mteja. Kukata umbo lolote, hata kola, hata mfuko, ni kazi ya baraza. Mteja anatoka na kitambaa chake anakutana na fundi mlangoni. Hivyo ndivyo sisi tulivyokula na wao wakala, miaka yote.

Nilitoka na ile chupa mkononi nikamuuliza Rebeka kama chai ilikuwa mbaya. Akanijibu kwa upole kwamba wameshiba. Bonifasi akaanza kukagua zipu ambayo haikuwa na tatizo lolote. Ndipo nikaelewa. Wale akina mama walionunua maua yangu, zamani wangemwachia Rebeka ayakate na kuyashona. Sasa walikuwa wanayanunua ndani yakiwa yamekatwa, wanapita mbele yake, wanakwenda kuyashona nyumbani.

Baba naye alikuwa ameiona chupa. Aliniita akaniuliza, duka likianza kukata, baraza litakula nini? Akasema mashine iondoke ndani ya duka lake. Kaka, nilikasirika. Nilitaka kumjibu kwamba duka lenyewe linafungwa baada ya Idi, sheria ya nini tena? Nilimeza maneno hayo kwa kuwa ni Baba. Nilikaa nayo kooni mpaka nikapata akili. Alisema iondoke ndani. Hakusema iende wapi.

Kesho yake nilibeba meza mwenyewe, nikaiweka barazani kati ya Rebeka na Bonifasi. Nikapitisha waya wa umeme kwenye nondo za dirisha, nikaweka mashine juu, nikavuta stuli nikakaa. Rebeka aliacha kukanyaga cherehani. Akaniuliza, "Dada Nazneen, umekuja kutuchunga au umekuja kufanya kazi?" Nikamwambia kama kukata ni kwa nje, basi na mimi niko nje. Akanitazama nilivyokaa, magoti yamebanana kama bibi harusi, akacheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya kanga. Alinifundisha kwanza kukaa.

Tukapatana hapohapo. Mteja ananunua kitambaa ndani kwa Baba, anatoka nje, mimi nakata maumbo, Rebeka anayashona kwa zigizaga, na malipo ya kazi ni ya baraza. Chai ikaja, nikanywa kwenye kikombe cha bati kama wao. Ilikuwa na tangawizi nyingi kuliko ya ndani, kumbe miaka yote hiyo walikuwa wanaiongezea wenyewe.

Mjini watu walipata la kusema. Bibi Vandana, mke wa Prabhudas wa duka la vyombo, alisimama mbele yangu, akainama, akaniuliza kwa sauti ya msibani kama tumefilisika. Binti wa Kamran kukaa barazani na mafundi! Nikamjibu kwamba hapana, nimepandishwa cheo. Najua alimpigia wifi simu siku hiyohiyo, kwa hiyo habari hii mmeshaipata ikiwa imeongezwa chumvi na pilipili. Ukweli ni huu ninaoandika mimi. Ila sitakuficha kwamba siku zile Baba alikuwa haniangalii. Ananipa chai mlangoni, ananitajia bei, basi. Hajawahi mtu wa familia yetu kukaa nje ya ule mlango. Nilikuwa naona aibu yake mgongoni mwake, na iliniuma kuliko maneno ya Vandana.

Sasa nifike kwenye kazi yenyewe. Alikuja Mwalimu Simeoni, kiongozi wa kwaya ya usharika wa Misigiri. Rebeka anatoka huko, ndiye aliyemleta. Kanisa lao lilikuwa na sherehe kubwa Jumapili, wageni kutoka mbali, na kwaya ilikuwa na majoho meupe mapya ambayo waliona yamekaa kama mashuka ya hospitali. Walitaka kifuani kila joho liwe na msalaba na chini yake ua la alizeti lililofunguka, vyote kwa rangi ya damu ya mzee. Kwaya nzima, wake kwa waume, na wote wafanane. Kwa mkasi kazi ile isingewezekana kwa muda uliokuwapo. Simeoni aliniuliza jambo moja tu kuhusu kitambaa: je, kinachuja rangi?

Kaka, wewe umekulia kwenye kaunta ile. Unajua tunajibuje. Nilimjibu hata kabla hajafunga mdomo: hakichuji, Mwalimu, hakichuji kabisa! Nimelisema neno hilo tangu nilipoweza kuona juu ya kaunta. Nililisikia kwa Baba, Baba alilisikia kwa babu, na sidhani kama kuna mmoja wetu aliyewahi kulowesha kitambaa kwenye maji ili aone. Muuza vitambaa hafui vitambaa, anaviuza. Rebeka naye aliniamini, amelisikia miaka mingi likitoka dirishani mpaka limekuwa kama wimbo.

Tukakata. Mashine ilikuwa haipumziki, mimi napiga pasi gamstafu, naingiza, natoa, Rebeka anashona, Bonifasi ameacha suruali za watu anakata nyuzi. Alhamisi asubuhi majoho yote yalikuwa tayari. Yalitundikwa kwenye kamba mbele ya duka, na wapita njia walikuwa wanasimama. Nilijisikia vizuri mno. Hata Vandana alipita polepole.

Likabaki la kunyoosha tu. Rebeka akachukua joho la kwanza, akalinyunyizia maji kidogo, akaweka pasi. Alipoinyanyua alisema, "Yesu wangu." Kuzunguka lile ua, kwenye joho jeupe pe, kulikuwa na ukungu wa waridi kama shavu la mtoto mwenye homa.

Yale mengine yalikuwa bado makavu, lakini yangefuliwa siku moja, au mvua ingewapata njiani, na kwaya nzima ingegeuka rangi ya waridi mbele ya watu. Nililitazama lile neno langu likiwa limetandazwa pale mezani. Baba alikuwa amesikia sauti ya Rebeka, akaja mlangoni. Akaliona joho. Nikaanza kumweleza kwamba mimi ndiye niliyemwapia Simeoni, kosa ni langu, nitatafuta namna. Akaninyamazisha kwa mkono. Akasema, "Neno hilo ni langu. Wewe umerithi tu."

Halafu akatoka. Nataka ulione hili kama nilivyoliona mimi. Baba yetu, Mzee Kamran, na kofia yake na miwani yake, alivuka kile kizingiti cha mlango, akaomba stuli ya Bonifasi, akakaa barazani. Akaomba wembe. Akalishusha joho kwenye kamba, akalilaza magotini, akaanza kufumua, uzi baada ya uzi, taratibu, bila kuchana joho. Watu wanapita, wanamsalimu kwa mshangao, shikamoo mzee, naye anaitikia marahaba na kuendelea kufumua. Prabhudas alitoka dukani kwake akasimama katikati ya barabara. Baba akamwambia kama hana kazi aje, wembe upo mwingine.

Alimpigia Simeoni simu yeye mwenyewe. Hakuzunguka. Alimwambia: kitambaa nilichokuuzia kinachuja, nilisema hakichuji na sikuwa najua, tunafumua vyote na kuvibadilisha, hutatoa kitu. Simeoni akauliza tu kama Jumapili itawezekana. Baba akanitazama mimi, kwa mara ya kwanza tangu nihamie nje, akaniuliza mashine itaweza? Nikasema itaweza. Akamwambia Simeoni fundi anasema itawezekana. Nilidhani ameteleza ulimi, nikaendelea na kazi.

Alipomaliza simu aliingia ndani na bakuli la maji na leso yake nyeupe. Alipita kwenye rafu zote, jora baada ya jora, analowesha pembe, anasugua kwa leso, anatazama. Leso ilirudi na rangi zote za upinde wa mvua. Yale yanayochuja aliyatoa akayapanga upande wake, akasema kuanzia sasa mteja ataambiwa ukweli. Kati ya yaliyofaulu tulipata jora jingine la damu ya mzee, zito kidogo. Hilo ndilo tulilolikata. Ijumaa Baba alikwenda msikitini, akarudi, akavua kanzu, akaendelea kufumua. Sisi tulishona, mashine ilikata, na umeme uliondoka mara moja tu, tukautumia muda huo kula. Lile joho lenye waridi tulililoweka kwenye maji baridi na chumvi, rangi ikatoka yote isipokuwa alama ndogo, na alama hiyo nikaifunika kwa kulikuza ua kwenye simu. Joho hilo lilikuwa la Simeoni mwenyewe. Mpaka leo anaamini ua lake ni kubwa kwa sababu ya cheo chake, na wewe usimwambie.

Jumapili walitualika, tukaenda Misigiri sote, duka tukalifunga. Baba hajawahi kuhudhuria ibada ya kanisa, kwa hiyo walimwekea kiti kizuri nje chini ya turubai, pamoja na wageni ambao hawakupata nafasi ndani, na kuku wake alichinjwa na Mwislamu wa jirani, walimwita makusudi. Kwaya ilitoka kanisani kwa maandamano. Mbingu ya Iramba bila wingu, majoho meupe, misalaba na alizeti zinakwenda na kurudi kwa mwendo wao wa wimbo, zote sawa, zote kingo safi. Nimeuza vitambaa maisha yangu yote, na kila kitambaa kilipotoka mlangoni kilikuwa kimekwenda, sikujua kimekuwa nini. Hivi nilivijua kimoja kimoja.

Baada ya chakula mzee wa kanisa, Mzee Melkizedeki, alishika kipaza sauti kushukuru watu. Alishukuru wapishi, alishukuru wenye turubai, kisha akasema mafundi wa baraza la Mzee Kamran wasimame waonekane. Rebeka akasimama, na akina mama wa kwao wakampigia vigelegele. Bonifasi akasimama, akavuta shati lake vizuri. Mimi nilibaki nimekaa. Sikujua la kufanya. Nimelelewa nikijua mimi ni mtu wa ndani, na Baba alikuwa pembeni yangu na watu wote wanamjua. Nikaitazama mikono yangu tu. Ndipo bakora ya Baba ikagonga mguu wa kiti changu. Hakunigeukia. Akasema, "Simama. Wameita mafundi."

Nikasimama. Sikumbuki walipiga makofi kiasi gani, nilikuwa nalia kama mtoto, na siyo aibu kukuandikia hivyo.

Sasa ndugu yangu, yafuatayo ndiyo yaliyonifanya nichukue kalamu. Wakati wa kurudi, kwenye gari la Simeoni, Baba aliniuliza kule kwa Asif hiyo mashine nitaiweka wapi, maana nyumba yenu haina baraza. Nikamwambia sijali, nitaiacha kwa Rebeka, alimradi yeye akae karibu na mwanawe na wajukuu kama anavyotaka. Akageuka kabisa kwenye kiti. Akasema yeye hajawahi kutaka kuhama. Alikubali kwa ajili yangu, alidhani nimechoka na kaunta, nimechoka na mji huu, na kwamba akifa nitabaki peke yangu na majora. Nikamwambia mimi nilikubali kwa ajili yake. Tulitazamana. Simeoni alidhani tumegombana kwa jinsi tulivyokodoleana macho, halafu akashangaa tulivyoanza kucheka, hatukuweza kuacha mpaka tulipofika mjini.

Kaka Asif, hatuji Dar. Duka halifungwi. Nakuomba usilete lori. Na yule bwana muuza simu uliyemtuma aje kulipima duka letu ili alikodi, alikuja juzi na kamba yake ya kupimia. Nilimkaribisha vizuri, nikampa kiti barazani na chai ya tangawizi, na Baba akamwambia kwamba hakuna duka la kukodishwa hapa. Aliondoka na jozi ya mito yenye jina la mkewe, ameridhika kabisa. Sikukuambia kwa simu kwa sababu ungeniambia umeshanielewa.

Najua umeandaa chumba. Najua umekipaka rangi, na wifi ameshona mapazia. Nimelifikiria hilo sana na limeniuma, kwa sababu ulifanya kwa mapenzi, na hakuna kaka anayemfikiria dada yake kama wewe. Lakini niseme lililo moyoni mara moja. Ulipokuwa unapanga, uliniweka kwenye hesabu ya vyombo vya kupakia, baada ya kabati na kabla ya majora, na mimi nikakubali kuwekwa pale. Sikukulaumu wakati ule na sikulaumu sasa. Nilikuwa mimi mwenyewe sijui kama nina mahali pangu. Sasa ninapo. Upana wake ni wa meza moja, kati ya Rebeka na Bonifasi, jua linafika hapo saa za asubuhi, na sitahama. Chumba hicho tutakuja kulala kama wageni, na tutaondoka kama wageni wenye kazi zao.

Ukitaka kumgombeza mtu, mgombeze Baba kwanza, uone. Siku hizi anauza kwa mtindo mpya. Mteja akishika kitambaa, anamwambia hiki kinachuja, hiki hakichuji, na ukitaka maua muulize fundi hapo nje. Watu wanafika hata kutoka Rungwa wakiulizia duka la mzee anayesema ukweli. Jana mama mmoja alimuuliza Baba yule binti yake aliyekuwa akiuza siku zote kwenye kaunta amekwenda wapi, ameolewa? Baba akamjibu kwamba hajakwenda popote, ila ile kaunta ilikuwa imemficha.

Kwenye kifurushi hiki utakuta mashuka ya wifi Gulbanu, nimeyawekea alizeti pembeni, anaweza kuyafua kwa maji ya aina yoyote. Zawadi za watoto ni mifuko ya shule yenye majina yao. Mwambie Zahra shangazi yake anamshukuru mno, na kwamba mashine hairudi, asipoteze muda kuiulizia. Akija likizo nitamfundisha, lakini atakaa nje na sisi na atakunywa chai ya kikombe cha bati.

Baba anakusalimia, anasema Idi hii njooni ninyi huku. Fundi Rebeka anakusalimia, anakumbuka ulivyokuwa unamwibia vifungo. Bonifasi anasema ile suruali uliyomwachia mwaka ule imeshatengenezwa. Nibusie watoto, mwambie wifi asiniwazie mabaya, na wewe mwenyewe usikae na hasira mpaka jioni, nakujua. Mwenyezi Mungu akulinde na akuongezee.

Wako dada anayekupenda,

Fundi Nazneen Kamran
Barazani, Singida.